Zinazokataa Rangi

Jumapili, saa moja asubuhi. Kengele zinashuka kilima cha Bugando,
watu wanakipanda,
nami nimevaa glovu, nanyunyiza spiriti,
nafungua kiatamizi taratibu
kama anayechungulia chumba cha mtoto aliyelala.
Digrii thelathini na saba. Hazikupungua usiku,
ingawa umeme ulikatika mara mbili
na jenereta ilikohoa kabla ya kuitika.

Chupa imeandikwa kwa maka peni nyeusi: M-17.
Sina ruhusa ya kuandika Masunga.
Masunga wa Igombe, miaka kumi na minne,
mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti,
uvimbe ulioitwa teke la mpira kwa miezi mitano,
ukachuliwa kwa samli, ukachanjwa,
mpaka mfupa ulipovunjika wenyewe
akiwa amesimama tu
na ndoo ya dagaa mkononi.

Mguu ulibaki chumba cha upasuaji.
Kipande kama punje ya mtama kilinifikia ndani ya barafu.
Hicho ndicho ninachokilisha.

Ijumaa majimaji yalikuwa waridi.
Leo ni manjano, manjano ya mkojo wa alfajiri:
zimekula, zimechafua, zinataka tena.
Naziongezea seramu ya ndama.
Bibi yangu kule Magu angeshika kiuno:
mgeni gani huyu hatosheki na ng'ombe wa kuchinjiwa,
anakunywa ndama kila siku ya pili
na haagi?

Seli ya mfupa yenye adabu hupiga hodi.
Ikimgusa jirani, husimama;
hujua kiwanja chake kimeishia hapa.
Hizi hazina hodi. Zinapandana mabegani,
zinajenga ghorofa juu ya wenzao wasiopumua.
Nilitaka kuzifananisha na magugumaji
yaliyoziba ghuba jana pale Kirumba,
lakini gugu lilikuja na maji, lina kwao.
Hizi kwao ni Masunga.
Zilipaswa kumrefusha.
Zilisikia neno "kua",
neno lile lile tunalowaombea watoto,
hazikungoja sentensi iishe.

Natia tone la buluu.
Seli iliyokufa huipokea, hujaa buluu hadi kiini.
Iliyo hai huikataa, hung'aa
kama tone la mafuta juu ya mchuzi.
Nahesabu kwa kidole gumba: ta, ta, ta.
Safu isiyo na dawa: mia mbili na kumi na mbili.
Safu yenye dawa: mia moja na tisini.
Nafuta macho. Naanza upya.
Sijawahi kuitamani rangi hivi,
hata ya kitenge.
Mia moja na tisini na moja.

Alhamisi alikuja mama yake, Ng'walu,
magamba ya dagaa yakimeta kwenye kucha.
Hakuuliza habari za dawa. Aliuliza:
"Huwa zinalala?"
Nikamwambia hapana.
Akainamia hadubini, akafumba jicho lisilotakiwa,
akakaa hivyo muda mrefu kuliko madaktari wanafunzi.
"Kumbe nzuri," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa uso wa mwizi
akakuta pua ya ukoo wake.
Halafu, akiwa mlangoni, akitafuta kandambili zake:
"Masunga anajifunza magongo.
Anauliza nani analipia chakula cha hizo."
Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka.

Kwenye daftari naandika tarehe, namba zote mbili,
na chini yake: *Rudia. Ongeza dozi.*
Kalamu inasita kwenye neno rudia.
Mara ya tisa.

Dirishani, mawe ya Kapripoint
yamepandana nayo, jiwe begani mwa jiwe,
tangu kabla ya mtu yeyote kuyaona,
na halijaongezeka hata moja.
Nafunga kiatamizi. Nasikiliza kikishika joto.
Jumanne nitazilisha tena.